Mchezaji bora wa 2010: kwa nini Xavi namweka mbele ya Messi na Sneijder

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi na shemeji yangu tunakaa Kikwajuni, na kila tukikutana tunagombana kuhusu 2010. Yeye anasema Messi alistahili ile Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, mimi nasema Sneijder alidhulumiwa. Kuna mzee mmoja pale maskani anatuambia sote tumepotea, bora wa mwaka alikuwa Iniesta kwa sababu ndiye aliyefunga fainali ya Kombe la Dunia. Tupangie kumi bora wako wa mwaka ule na utueleze umewapangaje. Na kwa upande wa Afrika, nani alikuwa juu, Eto'o au Asamoah Gyan?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Wa kwanza wangu ni Xavi Hernández. Messi namweka wa pili, Sneijder wa tatu, Iniesta wa nne. Najua jibu hili halimpi ushindi hata mmoja wenu, basi nieleze nimefikaje hapo.

Ubishi wa 2010 hauishi kwa sababu wanaobishana hawajakubaliana mwaka wenyewe unaanza lini na unamalizika lini. Wewe ukimtaja Sneijder unahesabu msimu, yaani Agosti 2009 mpaka Julai 2010. Shemeji yako akimtaja Messi anahesabu Januari mpaka Desemba. Kila mmoja hesabu yake ni sahihi, ila mnahesabu vitu viwili mbalimbali. Ballon d'Or ya wakati ule ilikuwa ya mwaka wa kalenda. France Football, gazeti la Ufaransa lenye tuzo hiyo, waliigeuza ifuate msimu wa Ulaya mwaka 2022 tu. Ingekuwa kanuni ya sasa ndiyo iliyotumika, kura yangu ningempa Sneijder bila ya kusita. Lakini umeniuliza mwaka 2010, na mwaka una miezi kumi na miwili, kwa hiyo na mchezaji nampima miezi kumi na miwili.

Naugawa mafungu matatu. Januari hadi Mei, kaskazi na masika, ndipo ligi zinapomalizika na makombe ya vilabu yanapopata wenyewe. Juni na Julai, kipupwe, ni Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Agosti hadi Desemba ni msimu mpya. Katika kila fungu najiuliza swali moja: huyu alikuwa miongoni mwa watano bora duniani kwa wakati huo? Baada ya hapo natazama mechi nzito, zile ambazo ukifungwa umetoka. Magoli matatu dhidi ya timu ya mkiani nayahesabu, lakini hayafikii uzito wa pasi moja ya nusu fainali.

Sisi watu wa Unguja tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu na mwaka ule. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Bara uliharibika Desemba 2009, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Walioona mechi za Januari na Februari waliziona kwa jenereta, kwa petroli ya kuchangishana, na mafuta yakikatika dakika ya sabini watu wanatawanyika bila ya kujua mechi imeishaje. Kisha umeme ukarudi, Kombe la Dunia likaja, mechi saa kumi na moja jioni na nyingine saa tatu na nusu usiku, saa ambazo kila mtu ana nafasi. Pemba nako ndio mwaka waya wa kutoka Tanga ulipofika, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Ndiyo maana kwa wengi wetu 2010 imebaki kichwani kama mwezi mmoja wa Juni na Julai. Mzee wenu anamshikilia Iniesta kwa sababu goli lile la dakika ya 116 aliliona mwenyewe, karibu na saa sita za usiku, na hakuna aliyeliona akalisahau. Simlaumu. Ila kumbukumbu ya usiku mmoja haitoshi kumpa mtu mwaka mzima.

Sasa Sneijder wako. Katika mafungu mawili ya mwanzo sioni aliyempita. Inter ya José Mourinho ilichukua ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa Ulaya, na yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha safu ya mbele. Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, mwezi Machi, pasi iliyomkuta Eto'o nyuma ya mabeki wa Chelsea ilikuwa yake. San Siro, nyumbani kwa Inter, mwezi Aprili, nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, Barcelona wametangulia kwa goli la Pedro, aliyesawazisha ni yeye, na mechi ikaisha 3-1.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Madrid tarehe 22 Mei, dhidi ya Bayern, litazame tena goli la kwanza. Kipa Júlio César anapiga mpira mrefu, Diego Milito anaushusha kwa kichwa, Sneijder anaupokea na hapohapo anaurudisha katikati ya mabeki wawili. Hakuutuliza kwanza. Angeutuliza, Milito angekwishazibwa. Watu wanamkumbuka Milito alivyomnyanyulia mpira kipa Butt, na anastahili kukumbukwa, lakini aliyewaacha mabeki wa Bayern bila la kufanya ni aliyerudisha pasi ile.

Akaenda Afrika Kusini akafunga magoli matano, mawili kati yake yakiwa ya kuitoa Brazil katika robo fainali. Goli la pili alilifunga kwa kichwa, yeye mfupi kuliko karibu kila mtu aliyekuwa kwenye boksi. Na katika fainali na Uhispania, dakika ya 62, ile pasi iliyomwacha Arjen Robben peke yake na Iker Casillas alikuwa ameitoa Sneijder. Casillas kishaanguka upande wa pili, mguu wake ukabaki nyuma na mpira ukaugonga. Mpira ule ungeingia, Uholanzi pengine ingekuwa bingwa wa dunia, na leo mimi nawe tusingekuwa na la kuzungumza.

Tatizo lake ni fungu la tatu. Mourinho aliondoka, akaja Rafael Benítez, na Inter ikapoteza makali yake. Agosti walifungwa 2-0 na Atlético Madrid katika Super Cup ya Ulaya, Novemba wakafungwa 3-1 na Tottenham kule London, na Benítez hakuumaliza mwaka kazini. Sneijder alianguka na timu yake. Kwa miezi mitano hakuwa miongoni mwa watano bora duniani, pengine hata miongoni mwa ishirini. Kwa mizani yangu hilo linamtoa nafasi ya kwanza.

Messi mambo yake yalikwenda kinyume na hayo. Fungu la kwanza na la tatu hakuna aliyemkaribia. Mwaka ule alifunga magoli 60, klabu na taifa. Mechi ya Arsenal tarehe 6 Aprili pale Camp Nou, uwanja wa Barcelona, naiweka miongoni mwa mechi bora za mtu mmoja nilizopata kuziona: Arsenal wanatangulia kwa goli la Nicklas Bendtner, halafu yeye anafunga manne, na matatu alikwishayafunga kabla ya mapumziko. Kombe la Dunia ndilo lililomwangusha. Mechi tano, goli hakuna, na Argentina ikatolewa na Ujerumani kwa 4-0.

Hata hivyo, watu wanaosema Messi hakucheza Afrika Kusini hawasemi kweli. Irudieni mechi ya Argentina na Nigeria pale Ellis Park. Vincent Enyeama aliokoa mashuti yake mara kwa mara, mpaka yeye, kipa wa timu iliyofungwa, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Messi alitengeneza, alipiga chenga, alipiga mashuti, ila alikuwa katika timu ya Diego Maradona ambayo haikuwa na kiungo wa kumpelekea mpira. Akaufuata mwenyewe mpaka katikati ya uwanja, na mchezaji wa aina yake akianzia mbali vile, nusu ya hatari yake inapotea njiani.

Yule kiungo ambaye Messi alimkosa Argentina ndiye ninayempa nafasi ya kwanza.

Xavi hakupungua katika fungu hata moja. Barcelona ilichukua ubingwa wa Uhispania kwa pointi 99, ikifungwa mechi moja tu ya ligi msimu mzima. Real Madrid walimaliza na pointi 96, kwa hiyo ile mechi ya tarehe 10 Aprili pale Bernabéu, nyumbani kwa Real, ndiyo iliyoamua ligi. Barcelona walishinda 2-0, Messi goli moja, Pedro goli moja, na pasi zote mbili za magoli alizitoa Xavi. Kombe la Dunia, Uhispania walishinda mechi zote nne za mtoano kwa 1-0. Ukiwa na timu inayofunga goli moja tu kila mechi, swali la maana ni nani anayehakikisha mpinzani hapati mpira wa kurudisha. Dhidi ya Ureno, goli la David Villa lilitokana na kisigino cha Xavi. Dhidi ya Ujerumani, nusu fainali, kona iliyopigwa kichwa na Carles Puyol dakika ya 73 aliipiga Xavi. Na tarehe 29 Novemba, Barcelona ilipoifunga Real Madrid ya Mourinho 5-0, aliyefungua mlango dakika ya kumi ni yeye tena.

Nakuomba ufanye jambo moja. Tafuta mechi yoyote katika hizo, uache kuufuata mpira, umtazame Xavi peke yake kwa dakika tano. Angalia shingo yake. Kabla mpira haujamfikia ameshageuka kutazama bega la kulia, ametazama la kushoto, ametazama tena la kulia. Mpira ukifika anajua adui yuko wapi na mwenzake yuko wapi, kwa hiyo anagusa mara moja au mbili na kuutoa. Akibanwa, anajizungusha na mpira unabaki upande ambao adui hayupo. Hana mbio, hana nguvu, urefu wake ni mita 1.70. Alichonacho ni kuuona uwanja kabla ya wengine. Vijana wa madaraja ya chini ninaowafundisha nawaambia wamtazame huyu, kwa sababu mbio utanyimwa na Mungu, lakini kugeuza shingo mtu yeyote anaweza kujifunza.

Atakaye kunipinga ana hoja moja nzuri, nayo ni nusu fainali ya pili na Inter pale Camp Nou, iliyowatoa Barcelona Ligi ya Mabingwa. Thiago Motta alipewa kadi nyekundu kabla ya nusu saa, Inter wakabaki kumi, na Barcelona walio na Xavi wakapiga pasi usiku kucha wakaambulia goli moja la Gerard Piqué dakika ya 84. Usiku ule Xavi hakupata jibu. Ndiyo doa lake la mwaka, na linamgharimu, lakini ni doa la mechi moja. La Messi ni la mwezi mmoja, la Sneijder la miezi mitano.

Kuhusu kudhulumiwa. Ballon d'Or ya 2010 ilikuwa ya kwanza tangu tuzo ya France Football iunganishwe na ya FIFA. Zamani walipiga kura waandishi wa habari peke yao. Mwaka ule wakaongezwa makocha na manahodha wa timu za taifa, kila kundi likawa na theluthi ya uzito. Messi akapata asilimia 22.65, Iniesta 17.36, Xavi 16.48, Sneijder 14.48. Ukizihesabu kura za waandishi peke yake, aliyeongoza ni Sneijder. Kwa hiyo malalamiko yako yana msingi: kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, tuzo ilikuwa yake. Mimi siiti dhulma, kwa kuwa kanuni ilikuwa imetangazwa na kila mtu aliijua. Ila kumkosa katika watatu wa mwisho waliokwenda Zurich kwenye utoaji wa tuzo lilikuwa kosa. Iniesta ndiye aliyepaswa kumpisha.

Na katika kura hizo sauti ya Zanzibar haikuwemo, maana walioulizwa ni wanachama wa FIFA na sisi si mwanachama. Hata uanachama wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, tulioupata Machi 2017 ulifutwa Julai ya mwaka huohuo. Linaniuma, kwa sababu visiwa hivi vinaujua mpira.

Iniesta basi. Mpira wake wa Juni na Julai ulikuwa wa daraja la juu kabisa, na vuli pia. Lakini nusu ya kwanza ya mwaka ilimponyoka kwa majeraha, na Barcelona ilipotolewa na Inter yeye hakuwepo uwanjani. Wa nne ni heshima kubwa kwa mtu aliyekosa mechi nzito namna hiyo.

Wa tano ni Diego Forlán. Mwezi Mei aliifungia Atlético Madrid magoli mawili katika fainali ya Europa League kule Hamburg, la pili likiwa katika muda wa nyongeza. Afrika Kusini akafunga matano, Uruguay ikamaliza ya nne, na akapewa Mpira wa Dhahabu wa mashindano. Ule mpira wa Jabulani, uliochezewa Kombe la Dunia lile, uliowasumbua makipa na wapigaji wa faulo, yeye aliuelewa kuliko mtu yeyote. Kilichomzuia kwenda juu ni vuli yake, ambayo haikuwa na kitu. Eto'o ni wa sita, nitamrudia. Villa wa saba: alifunga akiwa Valencia, alifunga matano Kombe la Dunia, alihamia Barcelona akafunga na huko, mawili katika zile tano za Real Madrid. Casillas wa nane kwa mguu ule wa Robben na kwa penalti ya Óscar Cardozo wa Paraguay aliyoidaka katika robo fainali.

Milito wa tisa, na hapa ndipo ninapoona dhulma ya kweli ya 2010. Fainali ya Kombe la Italia alifunga yeye, goli pekee. Mechi ya mwisho ya ligi kule Siena, goli pekee la ubingwa, yeye. Fainali ya Ulaya, yote mawili yeye. Makombe matatu katika mwezi mmoja, na katika orodha ya watu 23 waliopendekezwa kwa Ballon d'Or jina lake halikuwemo. Vuli alikuwa mgonjwa mgonjwa, ni kweli, na ndiyo maana kwangu ni wa tisa. Lakini kutomwandika kabisa hakuna maelezo.

Wa kumi nampa beki, Piqué, aliyekuwa imara katika mafungu yote matatu. Mabeki wanasahauliwa mno katika hesabu hizi. Fabio Cannavaro alipoichukua Ballon d'Or mwaka 2006 ilikuwa nadra, na hapa kwetu jina lake likamkaa Nadir Haroub wa Yanga na Zanzibar Heroes, jina alilolibeba kwa haki. Robben sikumweka kwa sababu baada ya Kombe la Dunia hakucheza tena mpaka mwaka ukaisha. Cristiano Ronaldo alifunga mengi, lakini mechi nzito za 2010 zilimpita.

Sasa Afrika. CAF walimpa Eto'o, ikiwa mara yake ya nne. BBC walimpa Gyan. Mimi nakwenda na CAF. Eto'o ndiye aliyefunga pale Stamford Bridge, na ndiye aliyempa Milito pasi ya goli la pili Madrid. Camp Nou, baada ya kadi ya Motta, mshambuliaji huyu mwenye jina kubwa alikubali kucheza kama beki wa pembeni mpaka filimbi ya mwisho. Cameroon ilifungwa mechi zote tatu Afrika Kusini, yeye akifunga mawili. Na vuli, Inter ilipokuwa inazama, ni yeye aliyeibeba mgongoni, mpaka Abu Dhabi mwezi Desemba walipoifunga TP Mazembe 3-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Alifunga goli la pili na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mazembe, kwa heshima yao, walikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile.

Didier Drogba namweka wa kumi na moja. Magoli 29 ya ligi na makombe mawili na Chelsea, halafu akavunjika mkono siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na Novemba ikagundulika kuwa muda wote ule aliokuwa akionekana mchovu uwanjani alikuwa na malaria. Mtu wa kwetu anajua malaria inavyokula nguvu za mwili.

Gyan ni wa kumi na mbili. Wengi wanamshusha kwa ile penalti ya dakika ya mwisho dhidi ya Uruguay, baada ya Luis Suárez kuuzuia mpira kwa mikono, iliyogonga mwamba. Mimi penalti ile simhesabii. Dakika chache baadaye, mikwaju ilipoanza, alikwenda yeye wa kwanza kwa Ghana, mbele ya uwanja uleule, akaitia. Ghana ilicheza fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Angola mwezi Januari na robo fainali ya dunia mwezi Julai, na safari zote mbili aliyeibeba mbele ni yeye. Kinachomweka chini ya Eto'o na Drogba ni vilabu tu: Rennes na Sunderland havikumpa mechi nzito za Ulaya za kujipima nao.